Ra ya Raihana

Barani, Malindi
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Mbeyu mwanangu,

Sikuandikii kwa simu, kwa sababu maneno ya simu hupanda juu yakapotea, na mimi majibu yako nataka niyabandike ukutani kando ya kioo, niyafuate kwa kidole. Hope ameniahidi kwamba kila Ijumaa akirudi Mnarani kutoka kuuza vitambaa vyake huku atakuletea barua yangu, na Jumatatu aniletee jibu lako. Basi usinipe visingizio.

U hali gani? Mimi si mzima. Moyo umenichafuka.

Nakushukuru kwa kuja kuniondolea ule uchafu. Wallahi bado naiona siku ile. Maalim Abdulhadi ameketi kwenye kiti cha wateja, anangoja vyeti vya watoto wa madrasa, mara kioo kikajifungua chenyewe na mwanamke yuko tupu kama alivyozaliwa, anatuchekea. Nilikifunika kwa leso yangu, na leso ile sijaivaa tena. Ukaja ukanambia ile Windows tuliyowekewa na fundi ilikuwa ya wizi, imeoza, na hata iliyo halali ya umri ule imeshaachwa na wenyewe, haina kinga. Ukaing'oa, ukaniwekea hii Linux yako, ukarudi kufundisha watoto wa watu kompyuta.

Lakini umeniingiza nyumba ya nani hii? Word haipo. Pale pa kuandikia pana neno "Hariri". Mbeyu, hariri ni nguo. Najua kuhariri ni nini, nimesomesha Kiswahili miaka ishirini kabla ya kufungua duka na Yasin, lakini kompyuta hii inasema Kiswahili kama mgeni aliyefundishwa salamu akiwa ndani ya ndege. Kisha nikataka kupunguza picha ya mteja, ya pasipoti. Ikafunguliwa na nani? Na mbwa! Mbwa kabisa, kauma brashi kwa meno, macho kayatoa. Ndani ya duka ambamo mume wangu alikuwa akiandika Bismillahi. Nambie, kioo nikioshe mara saba, moja kwa mchanga, kama chombo alicholamba?

Hayo ningeyameza. Lisilomezeka ni moja. Marehemu Yasin aliichora kadi ya harusi ya Raihana kabla hajafa, akanambia, "Siku ya binti yetu ikifika, chapisha hii." Siku imefika, ni Ijumaa tarehe 6 Februari, katikati ya Shaabani. Nimelitafuta faili nimelipata, limeandikwa jina la Raihana, na nikilibonyeza naambiwa hakuna la kulifungulia. Corel ya Yasin, ile programu yake ya kuchorea, iko wapi? Mwaka wa pili huu yuko kaburini, na hiyo ndiyo kazi pekee ya mkono wake ambayo bado hatujaiona. Nipe mwenziwe Corel, ama unirudishie uchafu wangu.

Mama yako,
Mahfudha

*

Mnarani, Kilifi
Jumapili, 9 Novemba 2025

Bi Mahfudha, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nimecheka. Nisamehe. Yule si mbwa. Waliomchora wenyewe hawakubaliani ni mnyama gani, ila mbwa wamekataa. Programu yake inaitwa Gimp, ndiye mwenziwe Photoshop. Picha ya pasipoti anaikata vizuri tu, na hana mate.

Ya kuandikia inaitwa Writer. Mchoro wake ni karatasi ya buluu, iko chini kushoto, nimeivuta hapo makusudi. Andika kama ulivyokuwa ukiandika kwenye Word. Kitu kimoja tu ukishike: barua ya mteja ikiisha, na akitaka kuondoka nayo kwenye flashi, usiihifadhi hivi hivi. Bonyeza "Hifadhi kama", uchague jina la Word. Ukisahau, ataifungua kwao aikute imekorogeka, na atasema Bi Mahfudha amezeeka. Na Kiswahili hicho nilikiweka kwa heshima yako. Kama kinakukera, nitakirudisha Kiingereza.

Kuhusu kadi, Bi Mahfudha, mimi nakuomba uiache. Mafaili ya Corel yana ukorofi, na hilo ni la zamani. Mimi nilikaa dukani kwa Mzee Yasin miaka minne, namna yake naijua. Nitakuchorea nyingine, mpya, safi, wala hutalipa chochote. Raihana ni mdogo wangu.

Msalimie.
Wako,
Mbeyu wa Nzai

*

Barani
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Mbeyu,

Writer nimeizoea kwa shingo upande. Vyeti vya Maalim Abdulhadi vilitoka mstari umeteleza, jina la mtoto juu ya jina la baba, nikavirudia mara tatu mpaka nikatamani kuitupa mashine hii uani. Ya tatu ilikubali. Yule mnyama asiyejulikana nimemkatisha picha mbili. Simtazami, namtumia tu.

Lakini hilo la "nyingine" usinirudie tena. Nyingine ninazo tele! Toka watu wasikie kuna harusi, kila mtu ananitumia kadi za kwenye simu, zina maua ya zambarau na njiwa wawili wanapigana mabusu, majina wameyabandika kwa herufi za Kiarabu ambazo hazikuandikwa na mtu, na jina la binti yangu limewekewa nukta mahali pasipo na nukta. Zinanitia kinyaa. Shemeji yangu Mbaruk anasema nichukue moja tu yaishe, kadi ni karatasi, watu watakuja kwa pilau.

Wewe ulimwona Yasin akiandika. Unakumbuka ra yake, ile herufi ya Kiarabu inayoanza jina la Raihana? Anaishusha kalamu kwenye kile kibao cha kuchorea, anaitelezesha kushoto pole pole, halafu anainyanyua kabla haijaisha, ikabaki imechongoka kama ncha ya sindano. Watu walikuja kutoka Lamu ili kadi ya binti yao aichore yeye, si mwingine. Mimi binti yangu nimchapishie njiwa?

Nataka mkono wa mume wangu. Sitaki mkono wa mtu mwingine yeyote, hata wako, na usinielewe vibaya. Jibu la safari hii liwe na dawa.

Mahfudha

*

Mnarani
Jumapili, 16 Novemba 2025

Bi Mahfudha, shikamoo.

Nimekusikia. Dawa iko, nimeiandika peke yake kwenye kikaratasi ili ukibandike ukutani. Fuata kama kilivyo. Naandika kwa haraka, Hope ananigongea.

Mbeyu

[Kikaratasi:] Kwanza weka WINE. Subiri itulie. Kisha tia Corel ndani ya Wine. Baada ya hapo utaona kila kitu.

*

Barani
Ijumaa, 21 Novemba 2025

Mbeyu binti Nzai,

Nimekaa siku nne nitulie ndipo niandike, na sijatulia.

Kikaratasi chako nilikibandika ukutani kama ulivyoniagiza, sikukisoma vizuri, nilikuwa na mteja. Alokisoma ni shemeji yangu Mbaruk. Alikisoma kwa sauti, mbele ya watu wanne, mmoja wao Maalim Abdulhadi: "Kwanza weka wain. Subiri itulie. Baada ya hapo utaona kila kitu." Nilitamani sakafu inimeze. Mbaruk akaniuliza kama mjane wa kaka yake sasa anatuliza wain dukani. Maalim aliinuka akatikisa kanzu yake kama aliyekalia kitu kibaya.

Hata kama ulikuwa unafanya mzaha, huo ni mzaha gani? Kwanza mwanamke tupu, kisha mbwa, sasa ulevi. Ni kinyaa juu ya kinyaa. Nilikuwa nikikusifu kila mahali, mwanangu Mbeyu hivi, mwanangu Mbeyu vile. Kumbe wahenga waliona mbali, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na wewe mgema ni babako hasa, sijui kwa nini nilitarajia mengine.

Usiniletee dawa tena. Kadi nitaiacha ioze humo ilimo.

Mahfudha, mjane wa Yasin

*

Mnarani
Jumapili, 23 Novemba 2025

Bi Mahfudha, shikamoo.

Wine ni jina la programu. Haina tone la kileo. Kazi yake ni kuiwezesha Linux kuendesha vitu vilivyotengenezwa kwa Windows. Waliochagua jina hilo hawakuwafikiria watu wa Barani, na mimi niliyekaa kwenu miaka minne nilipaswa kufikiria. Kosa ni langu. Mwonyeshe barua hii Maalim, na Mbaruk asomewe kwa sauti ile ile.

La babangu limeniuma. Mzee Nzai aligema mnazi kule Junju miaka thelathini, na mnazi huo ndio ulionipeleka shule, na shule ndiyo iliyonileta dukani kwenu. Mzee Yasin alilijua hilo siku ya kwanza na hakulitaja hata mara moja. Nakuheshimu, ndiyo maana nakwambia, sikuliweka moyoni likaniozea.

Na nimefikiri, hata hiyo Wine tuiache, si kwa sababu ya jina. Corel tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wizi pia, kutoka kwa fundi yule yule. Nimechoka kuchezea vitu vya wizi, vinanitia karaha sasa. Iko njia safi. Kuna programu inaitwa Inkscape, ndiye mwenziwe Corel, ni halali, ni ya bure, na mafaili ya Corel ya zamani mengi anaweza kuyafungua. Nilijua tangu mwanzo. Sikukwambia, na sababu nitakueleza kwa mdomo.

Imo humo tangu siku ile nilipokuja, mchoro wake ni mlima mweusi wenye theluji. Ufungue, nenda "Faili", kisha "Fungua", uchague lile la Raihana. Likikubali, usiguse chochote. Ningoje nije shule zikifungwa vizuri, nikae karibu nawe.

Mbeyu

*

Barani
Ijumaa, 12 Desemba 2025

Mbeyu mwanangu,

Hope amekubebea halua, bakuli lenye kifuniko cha kijani. Ni ya kuomba radhi. Neno nililolisema juu ya babako lilikuwa chafu kuliko lolote lililowahi kutokea kwenye kioo hiki, na nililisema mimi, si kompyuta. Maalim amesomewa barua akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Mbaruk hakucheka, lakini Mbaruk hacheki.

Sasa sikiliza. Imefunguka!

Nilikuwa peke yangu dukani asubuhi. Mlima ukaja, nikafanya ulivyosema, ikanyamaza kidogo nikadhani imekufa, halafu kadi ikatokea yote. Bismillahi juu. Mahali pa jina la bwana harusi pameachwa wazi, chini yake amejaza jina la kila mtu wa kwetu wa kutajwa, na Raihana katikati kwa ile ra yake, imechongoka vile vile. Nililia, Mbeyu. Hata mwishoni kabisa, kabla hajafa, mkono wake ulikuwa hivyo, haukupungua chochote.

Lakini pembeni, nje ya karatasi, pale kwenye weupe ambao hauchapwi, kuna uchafu. Sijui nikuelezeje. Mikwaruzo mingi, mstari juu ya mstari, ra zilizopinda, ra zilizovunjika kiuno, nyingine hazijafika mwisho, kama kuku aliyetoka matopeni akapita juu ya shuka jeupe. Raihana alipoona alisema, "Mama, nani kachafua kazi ya baba?" Akakunja uso. Ni nani huyo aliyekuwa akifanya mazoezi yake ya kijinga kwenye faili la mume wangu? Nawakumbuka Linet na yule Gona waliokuja kujifunza, wote wawili mikono yao ilikuwa ya jembe.

Najua uliniambia nisiguse. Nimevumilia wiki nzima, lakini kila nikiitazama kadi jicho linakwenda kwenye ule uchafu. Nimejifunza mwenyewe, unakizungushia kitu kamba ya vistari unabonyeza "Futa", kinakwenda. Nimeshafuta kiasi. Jumatatu namalizia, nihifadhi, nipeleke kwa mchapaji. Niandikie jina la bwana harusi kwa mtindo wa Yasin unipe kwenye flashi, hilo moja nakuruhusu.

Mama yako,
Mahfudha

*

Mnarani
Jumapili, 14 Desemba 2025

Bi Mahfudha, shikamoo.

Usifute. Simu yako haipatikani, nimemwomba Hope aje kwako moja kwa moja kutoka stendi, kabla ya kufungua meza yake sokoni. Kama unaisoma hii na mashine imewaka, ondoa mkono.

Ule uchafu ndio mkono wa Mzee Yasin. Kadi ni mkono wangu.

Alianza kutetemeka mwaka mmoja na zaidi kabla ya kufariki. Mwanzo kidogo, kisha akawa hawezi kuvuta mstari wa kidole kimoja. Aliniapisha. Alisema, "Mahfudha alikubali kuolewa nami kwa ajili ya mkono huu, asiujue umekufa kabla yangu." Kuanzia hapo yeye alikuwa akikaa nyuma yangu, ananiambia shusha, teleza, nyanyua sasa, na mimi navuta. Mimi ambaye sijui kusoma hata alifu ya Kiarabu, nayachora majina ya watu kama mtu anavyochora majani ya mti. Zile kadi za watu wa Lamu za mwaka ule wa mwisho ni zangu. Bismillahi peke yake hakunipa, hiyo aliinakili kutoka kadi zake za zamani.

Ya Raihana alitaka aiandike yeye. Kila asubuhi kabla hatujafungua alifungua faili hilo, akaijaribu ra pale pembeni, moja, mbili, akaitukana, akaniambia nisiifute, kesho itakuja nzuri. Haikuja. Wiki ya mwisho akasema, "Andika wewe, mwanangu." Nikaandika. Ile iliyo chini kabisa upande wa kulia, yenye jina zima, ndiyo yake ya mwisho.

Kwenye matanga yake ulinishika mkono ukanambia hakuna mkono kama wa Yasin, nami nikakujibu hakuna. Tangu siku hiyo kila ukimsifu mimi hujisikia nimevaa nguo ya maiti. Ndiyo maana nilikupa kadi nyingine, nikakupa Wine, nikakupa kila kitu isipokuwa mlima. Nilijua utaona pembeni.

Kama umeshahifadhi, usilie. Inkscape akihifadhi anaandika faili jipya, lenye jina lake. Lile la Corel la Mzee hakulitia mkono. Lifungue upya kama siku ya kwanza, utayakuta yote.

Jina la bwana harusi liko kwenye flashi aliyonayo Hope. Niadhibu unavyopenda.
Mbeyu

*

Barani
Ijumaa, 2 Januari 2026

Mbeyu,

Ijumaa mbili Hope alinipitia nikamwambia sina barua. Kweli sikuwa nayo. Nilikuwa na kinyaa tu.

Nilianza na wewe. Hasira hupoa, hii haikuwa hasira. Nilijisikia kama mtu aliyelishwa mwaka mzima, akasifu, halafu akaambiwa mpishi alikuwa mwingine. Nilizitoa kadi zote za mwaka ule nikazipanga mezani, nikatafuta mahali ulipokosea, nipate cha kukutukania. Sikupaona, nikazidi kuchukia.

Kisha nikamgeukia Yasin. Sasa najua kwa nini aliacha kahawa. Nilimnunia miezi, nikadhani kahawa yangu imemchosha, kumbe kile kikombe kidogo kilikuwa kinamfichua. Akaomba chai kwenye kikombe kikubwa, akikishika kwa mikono miwili kama mtoto, na mimi mwenye macho nikamcheka. Mwanamume aone haya mbele yangu, mimi niliyemwosha miguu akiwa na homa! Na nani alimwambia niliolewa naye kwa ajili ya mkono wake? Niliolewa naye kwa sababu alikuwa akichelewa kila mahali na hakuwahi kusema uongo kuhusu sababu. Kumbe alijifunza uzeeni.

Wa mwisho ni mimi. Jumatatu ile Hope alifika nimeshamaliza. Nilikuwa nimefuta yote na nimehifadhi, na nimekaa na chai yangu, nafurahia palivyotakata. Nikaisoma barua yako kwenye kiti hicho hicho. Mkono wa mume wangu niliokuwa nikiudai kwako wiki sita nilikuwa nimeupangusa kwa karaha, nikamshukuru Mungu kwa usafi.

Sikulifungua lile faili la zamani mpaka juzi. Niliogopa umenidanganya tena. Mlima ukaja, kadi ikaja, na pembeni zote zipo, hakuna iliyopungua. Nikamwita Raihana. Nikamwambia, "Yule kuku ni babako." Hakulia hapo. Alivuta kiti akaanza juu, akawa anazifuata kwa kidole moja baada ya moja hadi chini. Akaniuliza ipi ya mwisho, nikamwonyesha, hiyo ambayo ra imeanguka na nukta za herufi ya pili zimeruka mpaka nje ya jina. Akasema, "Mama, weka hiyo. Hiyo iliyo mbaya kuliko zote."

Tumeiweka. Nimeivuta mwenyewe kwa mkono wangu kutoka pembeni mpaka katikati, na kwa hilo sikukuhitaji. Mchapaji alinipigia simu mara mbili kuuliza kama faili limeharibika. Mbaruk kaishika kadi kwa ncha za vidole, akasema hii ni aibu, watu watadhani tumemkodi mlevi. Nikamwambia wain ilikuwa imetulia. Mwenye kinyaa abaki kwake, pilau haitamkosa.

Kadi yako nimeitia ndani ya barua hii. Utakaa mbele, upande wa mama wa bibi harusi, na Mzee Nzai aje, nimemwandikia bahasha yake mwenyewe. Maandishi yako mengine yote kwenye kadi sikuyagusa. Bwana harusi ameandikwa na wewe, amenyooka. Bibi harusi ameandikwa na babake, amepinda.

Mama yako,
Mahfudha